Waya wa Tatu

3 Februari

Shemeji yangu wa pekee,

Pokea salamu, na tafadhali usirudishe bahasha hii bila kuifungua kama ulivyofanya na ile ya mwaka juzi. Afya si haba. Magoti yanalalamika nikiinuka, lakini mdomo bado unafanya kazi, na dada yako ataapa juu ya hilo.

Mwezi uliopita kiwanda kilinistaafisha. Nilipewa cheti, saa ya ukutani na makofi. Saa yenyewe inachelewa dakika kumi na mbili. Sasa nashinda nyumbani namwangalia dada yako akipanga vyombo, naye ananipita kama anayepita kiti kilichowekwa njiani. Nikasema hapana. Mtu aliyepika bia ya wengine miaka ishirini na miwili hawezi kushindwa kupika pipa moja la kwake.

Basi nimepata pipa la chuma kisichoshika kutu, la lita hamsini, lililokuwa la kubebea maziwa. Limekatwa juu vizuri, lina mfuniko, lina mikono miwili. Kimea kipo, hamira ipo, kipima joto nimenunua. Kilichonishinda ni moto. Njia ziko tatu: mkaa, gesi au umeme. Kiwandani tulikuwa tunafungua koki tu, mvuke unakuja wenyewe kutoka kwenye boila, hakuna aliyejisumbua kufikiri. Hapa nyumbani boila sina.

Wewe ndiye mtu wa moto. Unatengeneza pasi na birika za watu mwaka hadi mwaka, na kabla ya hapo hakuna aliyelijua joto la tangi kama wewe. Ulikuwa ukiweka kiganja kwenye chuma, unataja digrii, na kipima joto kinakubali. Nisaidie, nichague ipi? Yale ya zamani tuyaache yalale.

Dada yako anakusalimu sana.

Shemeji yako,
Mpole


12 Februari

Mpole,

Nimeifungua. Ilikaa mezani kwangu siku nne kati ya pasi mbili mbovu, na kila nilipoitazama nilizidi kuharibu pasi za watu.

Unasema yale ya zamani yalale. Yalale wapi? Kwangu hayajawahi hata kusinzia. Acha nikukumbushe, maana naona kustaafu kunasahaulisha watu. Tangi la tatu lilikuwa lako siku ile. Koki ya mvuke ilikuwa mkononi mwako. Ukasema unatoka dakika tano, unafika getini. Najua nani alikuwa getini: dada yangu, ameniletea chakula changu cha mchana. Mimi nilikuwa kwenye tangi la kwanza, mikono imezama kwenye chujio. Harufu iliponifikia, kimea kilikuwa kimeshashika chini, kimekuwa cheusi, na maji yake yamefurika sakafuni na kumbabua mfagizi miguu yote miwili.

Kesho yake meneja akatuita ofisini. Akauliza, "Nani alikuwa kwenye koki ya tatu?" Wewe ukatazama viatu vyako. Vya kahawia, kamba moja nyeusi na moja nyeupe. Nikakusubiri. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu na mimi nakusubiri. Hukusema uongo, nikutendee haki. Ulinyamaza tu. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu juma lile lile dada yangu alikuwa ameniambia kwamba mnaoana, na tangu aniambie hakuwa ameacha kucheka. Nikasema moyoni, atasema kesho, leo ana haya. Kesho yako hiyo, Mpole, sasa ina miaka kumi na tisa.

Jina langu lilibandikwa ubaoni getini, na kufikia saa ya chakula wenzetu walikuwa wameshanipa jingine: Unguza. Nikahama, safari ya siku mbili. Haukupita mwezi, dereva wa kiwanda akapita na lori mtaani kwangu, akapaza sauti, "Unguza! Kumbe ndiko ulikojificha!" Mtaa mzima ukasikia. Leo mwanamke anayeniuzia nyanya ananiita hivyo hivyo na heshima zake zote, anadhani ndivyo nilivyozaliwa. Mama amekufa akiitwa Mama Unguza. Kitu ninachokitaka duniani ni kimoja, jina hilo linitoke. Na wewe unaniandikia kuomba moto.

Haya, nitakupa. Fundi hamkatai mteja. Ila fundi huuliza kwanza. Pipa litasimama wapi? Sakafu ni ya nini, kavu au inalowa? Soketi ya hapo ukutani ina tundu mbili au tatu? Nani atasimama hapo kukoroga, wewe mwenyewe? Na ukiwa nyumbani unavaa nini miguuni?

Nijibu yote, usiruke hata moja.

Fundi Pasi


18 Februari

Shemeji,

Nimesoma barua yako yote, pamoja na ile sehemu ya kwanza. Kuhusu sehemu ile kalamu yangu ni nzito, niachie nitafute siku yake.

Sasa maswali yako, na Mungu akubariki kwa kuuliza kwa makini namna hii. Pipa litasimama uani, chini ya bati, pale tunapofulia. Sakafu ni saruji, na kusema kweli haikauki, maana bomba la hapo linavuja tangu tulipohamia na fundi bomba ni mtu wa kuahidi. Soketi ni ya zamani, tundu mbili. Atakayesimama ni mimi. Miguuni sivai kitu. Tangu nistaafu miguu inavimba, viatu vimekuwa adui, nashinda pekupeku.

Nasubiri kauli yako. Mkaa jirani ananuna kwa sababu ya moshi, anafunga madirisha kwa kishindo ili nisikie. Gesi mtungi wake ni mzito kwa mtu wa umri wangu. Lakini ukisema mkaa nitapika kwa mkaa, ukisema gesi nitabeba. Neno lako ndilo nitakalolifuata.

Mpole


24 Februari

Shemeji,

Mkaa ukishawaka haukusikilizi. Kimea kinataka joto lisimame mahali pamoja saa nzima, digrii sitini na tano au sita hivi. Likishuka, utamu hautoki. Likizidi, umeua kazi. Mkaa utakutaka uupepee, uupunguze, uurudishe, na kwa magoti hayo nusu saa hutaifikisha.

Gesi inatii haraka, hilo siikatalii. Ubaya wake ni kwamba moto unalamba sehemu moja tu ya kitako, na chuma cha pipa la maziwa ni chembamba. Uji wa kimea unashika pale pale. Ukishashika unaungua, na ukishaungua pipa zima lina ladha ya majivu. Hayo sina haja ya kukufundisha.

Chukua umeme. Koili inazama ndani ya maji yenyewe, joto lote linaingia kwenye bia, halipotei pembeni, na jirani yako atafungua madirisha. Nunua koili ndefu iliyojikunja mara mbili. Usichukue ile fupi ya birika, inakuwa kali mno mahali padogo, itakuunguzia. Toboa tundu vidole vinne juu ya kitako. Weka mpira wa ndani na mpira wa nje, kaza nati mpaka isidondoshe hata tone. Funga nyaya mbili, mmoja kila ncha ya koili, funika viungo. Usiwashe kabla maji hayajaifunika koili kabisa. Tafuta mwiko mrefu wa chuma, wa mti unafyonza harufu, na ukoroge mpaka chini bila kuacha tangu unapomwaga kimea.

Yote niliyoandika ni kweli, muulize fundi yeyote.

Fundi Pasi


1 Machi

Kaka yangu mpenzi,

Barua hii shemeji yako hajui kama naiandika, nimemwambia naandika orodha ya sokoni. Kaka, nimefurahi mpaka naona haya. Miaka yote hii nyie hamwandikiani, nikiuliza ananiambia "ni mambo ya kazini", nikikuuliza wewe unanijibu habari za mvua. Sasa ghafla bahasha zinakwenda na kurudi. Alinisomea maswali yako kwa sauti, na juzi akanisomea ile ya koili. Nilimwambia, huyo ndiye kaka yangu, mkali lakini akikufanyia jambo analifanya mpaka mwisho.

Nataka ujue kitu alichonikataza kukuambia. Anayepika ni mimi. Yeye mikono inamtetemeka tangu mwaka jana, kikombe kikijaa hafiki nacho mezani. Pipa ni langu, nimelitafuta mwenyewe. Kimea nimekilowesha na kukianika mwenyewe, siku tisa nakigeuza kwa mkono. Nilimwomba akuulize wewe juu ya moto, naye akasema sawa, lakini nisikutajie kwamba mpishi ni mimi. "Mwache aniandikie mimi kwanza," alisema, "hili ni la wanaume wawili." Nikajua ni aibu ya mikono, nikamwachia.

Ulipoulizia viatu nilicheka. Nani anayeshinda pekupeku humu ndani kama si mimi? Mama alinichapa miaka yote kwa ajili hiyo na sikubadilika. Mume wangu yeye viatu vinamtoka akienda kulala tu.

Basi kila kitu tayari. Fundi wa mtaa ametoboa tundu vidole vinne, ameifunga koili, nyaya mbili kama ulivyoagiza. Mwiko wa chuma nimeupata, mrefu, unanifika kifuani. Jumamosi tarehe kumi asubuhi nalijaribu kwa maji matupu, na yakichemka salama juma litakalofuata naingiza kimea. Sijawahi kuwa na kitu changu, kaka, tangu nizaliwe. Hiki ni changu.

Na huyu naye ana siri yake siku hizi. Ameandika siku mbili mezani, kurasa na kurasa kwa mikono hiyo, akazitia bahasha yenye anwani ya meneja wa kiwanda, akaipachika nyuma ya saa ya ukutani. Nadhani ni ya kiinua mgongo. Nikimuuliza lini anaituma, anasema anasubiri jambo moja.

Njoo uonje pipa la kwanza.

Mdogo wako


TELEGRAMU
9 Machi

USIWASHE PIPA. USIGUSE. CHOMOA WAYA. BARUA INAKUJA. KAKA


9 Machi

Mdogo wangu,

Nimetoka posta sasa hivi. Karani aliniuliza kama kuna msiba, nikamwambia bado. Barua yako imenifikia leo saa nne na kesho ndiyo Jumamosi, naomba telegramu iwe imekimbia kuliko mimi.

Pipa lile ni la chuma. Koili ikipasuka, au kiungo kikilowa, umeme unaingia kwenye pipa zima na kwenye kila chuma kinacholigusa. Ndiyo maana kuna waya wa tatu, ule wa kijani. Unakazwa kwenye mwili wa pipa na kushuka ardhini, umeme ukitoroka unapita humo. Usipokuwepo, unakupitia wewe, kutoka kwenye mwiko hadi kwenye nyayo, na saruji iliyolowa inaumalizia kazi. Fundi asiyejua waya wa tatu si fundi. Mimi naufunga kila siku, hata kwenye pasi ya mtu ninayemchukia. Katika barua yangu sikuutaja.

Sikudanganya. Niliacha tu kuutaja. Yeye aliponyamaza mbele ya meneja nilipoteza jina, nami nikasema ngoja na mimi ninyamaze, tuone atapoteza nini. Nilitaka kukuandikia kwamba nilikusudia ashtuke kidogo. Ningekuwa nakudanganya. Nilitaka wamkute chini, mwiko mkononi, na watu waseme ameunguza mwenyewe. Niliwaza hata jina watakalomwita.

Nilipouliza nani atasimama pale, alijibu ni yeye. Nilipouliza viatu, alijibu ni yeye asiyevaa. Kama ningejua ni wewe! Nilinyamaza ofisini siku ile kwa ajili yako, ili usiache kucheka. Muulize, atakuambia.

Niandikie hata neno moja. Usipoweza kuandika, nirudishie bahasha tupu, nijue kuna mkono ulioituma.

Kaka yako


17 Machi

Shemeji,

Pumua. Dada yako yu mzima. Pipa halijawashwa. Mwenye baiskeli ya posta alifika Jumamosi saa tatu asubuhi, maji yakiwa tayari ndani.

Sasa ile siku niliyokuwa naitafuta imefika, na kalamu imekuwa nyepesi. Ulidhani miaka ishirini na miwili kwenye chumba cha kuchemshia haikunifundisha waya wa tatu? Uliponiuliza kama sakafu inalowa, nilijua. Ulipofika kwenye viatu nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nilijibu kila swali namna ambayo mtu anayetaka kuniua angependa lijibiwe. Nilikufungulia mlango mzima nikakaa kando.

Nilistaafu, Unguza, na jambo moja halijaisha. Usifikiri nililala vizuri miaka hiyo. Niliandika kurasa nne kwa meneja, nikaeleza tangi la tatu, koki, geti, na jinsi nilivyonyamaza. Nikatia sahihi. Nikaomba jina lako libandikwe pale pale ubaoni lilipochafuliwa. Lakini nikajiwekea sharti. Nitamuuliza shemeji yangu jambo la moto. Akinitajia waya wa tatu, hata kwa matusi, barua itakwenda siku hiyo hiyo. Nilikuficha kwamba mpishi ni dada yako kwa sababu kama ungejua ni yeye ungeandika ukweli kwa ajili yake, na mimi nilitaka kujua utaandika nini kwa ajili yangu. Nimejua.

Nimsafishie jina mtu anayenichimbia kaburi? Nimechagua mkaa, jirani anune apendavyo. Jana niliuwasha kwa mara ya kwanza, na nilichouwashia ni bahasha ile, na anwani yake na stempu yake. Iliwaka vizuri.

Kuhusu dada yako usinitishe. Fyuzi niliing'oa siku fundi alipomaliza, ikawa inashinda mfukoni mwangu. Hata angebonyeza swichi mara mia asingepata kitu. Mimi si kama wewe.

Tumetoshana.

Mpole


25 Machi

Kaka,

Nimechelewa kukuandikia kwa makusudi. Nilitaka usubiri.

Barua yako ya tarehe tisa ilifika juma lililofuata, nikaipokea mimi. Nilipoimaliza nilikwenda kwenye bati la biskuti anamowekea karatasi zake na nikazisoma zote, zako alizopokea na nakala za zake, maana mume wangu ni mtu wa nakala. Nilisoma nimekaa sakafuni pale uani, penye maji. Halafu nikakumbuka bahasha iliyo nyuma ya saa. Nikaipitisha juu ya birika linalotoa mvuke mpaka gundi ikaachia. Ndani palikuwa na kurasa nne, na sahihi yake inayotetemeka. Ndipo nilipojua kwamba miaka kumi na tisa iliyopita kijana mmoja aliacha koki wazi ili aje kunichekesha getini, na kwamba kaka yangu alibeba mzigo wake. Bakuli la chakula chako nilikuwa nimelishika mkononi. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia.

Kurasa hizo nilizitoa, nikatia kurasa za gazeti, za matangazo ya nyumba za kupanga, nikaifunga bahasha tena kwa unga wa ngano na kuirudisha nyuma ya saa. Kwa hiyo siku aliyowasha mkaa wake nilisimama mlangoni nikimwangalia anavyochoma vyumba viwili na sebule kwa hasira. Kurasa ninazo mimi. Yeye hajui, na sina haraka ya kumwambia.

Nilipombana juu ya barua yako aliniapia habari ya fyuzi, bila shaka na wewe amekuandikia. Ilikuwa mfukoni mwake tangu fundi alipomaliza, anasema. Kaka, suruali hiyo naifua mimi. Niliifua siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya jaribio, na mfukoni nilikuta njugu tatu na kifungo. Jumamosi nilipopata telegramu yako, kabla ya kuchomoa waya, nilitazama kwenye kisanduku ukutani. Fyuzi ilikuwa mahali pake. Na mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi, mwenye baiskeli alipopiga kengele.

Na wewe unasema ulinyamaza tu. Hukudanganya, uliacha tu kutaja. Mwiko wa chuma je? Huo nao ulinyamaza? Maisha yako yote umekoroga kwa mwiko wa mti na ulinifundisha mimi kukoroga kwa mwiko wa mti. Huo ulikaa ukaufikiria, ukauandika.

Mnanichekesha nyote wawili. Mwezi mzima watu wazima wameandikiana juu ya sakafu, tundu na viatu, kila mmoja akijiona ana akili kuliko mwenzake, na miguu iliyokuwa inazungumziwa ni yangu.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Nimechukua bahasha mpya. Nimetia kurasa zake nne. Nyuma yake nimetia barua zako mbili, ile ya koili ya tarehe ishirini na nne na ile ya tarehe tisa, ulipoeleza ulichotaka wamkute nacho mkononi. Nimeandika anwani ya meneja na nimebandika stempu. Zinakwenda zote au haziendi kabisa. Wakizipata, watakusafisha kwa tangi la tatu na watalibandika jina lako getini kama unavyotaka. Halafu watasoma zilizobaki, na kila mtu pale getini atajua ulikuwa tayari kumfanyia nini mume wa dada yako, na ni nani aliyekuwa pekupeku.

Jina ni lako, chagua wewe. Nisipopata jibu kufikia katikati ya Aprili, nitachukulia kwamba umesema ndiyo.

Pipa langu nalipika kwa mkaa kwa sasa. Yeye ndiye anayeupepea. Magoti yanalia na moshi unamwingia machoni, akiomba kupumzika namwambia joto linashuka. Bia ya kwanza imetoka nzuri. Hajaonja.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Kwanza pipa, kwa sababu hilo ndilo uliloniuliza na sikukujibu.

Mkaa utakuchosha, umeme ndio unaokufaa, hapo sikukosea. Mwambie fundi akuletee waya wa nyuzi tatu na soketi ya tundu tatu. Wa kijani aukaze kwa nati kwenye mwili wa pipa lenyewe, chuma kwa chuma, akwangue kwanza mpaka king'ae. Ncha ya pili ishuke kwenye nondo iliyopigwa ardhini, mahali penye unyevu, urefu wa mtu. Bomba linalovuja lizibwe kabla ya yote. Vaa ndala za mpira, mama hayupo kukuchapa, nakuomba mimi. Koroga kwa mwiko wa mti. Ule wa chuma mpe mtu azibulie mtaro. Akimaliza, mwite fundi mwingine akague, na huyo mwingine nisiwe mimi.

Sasa bahasha. Nimeiwaza siku tatu, na kazi za watu zimelala. Nilijiona nimerudi pale getini. Jina langu liko ubaoni, limeandikwa vizuri, wazee wa zamani wananishika mkono, na yule mfagizi amekuja na fimbo yake kuniambia pole. Niliiona sura yake kabisa. Halafu nikawaona wanageuza ukurasa.

Nilimchukia mumeo kwa sababu alijua ukweli na akajificha nyuma ya uongo. Bado namchukia, nisikudanganye tena. Lakini uongo huo nimeishi ndani yake miaka kumi na tisa, naijua kila pembe yake, na hauna hata nusu ya ubaya wa yaliyo kweli.

Usiitume. Ichome, au ikae nyuma ya saa inayochelewa, utakavyoona wewe. Sitaiulizia tena.

Asubuhi hii muuza nyanya amepita. Ameniita, na nimeitika.

Kaka yako,
Unguza